Kila Ugonjwa ni Koili

Pale mtaani Ufukoni hapakuwa na mashine iliyofika kwa fundi Mustafa Nambunga ikakutwa na ugonjwa mwingine zaidi ya koili, kile kifaa kinachoipa plagi cheche za kuwashia injini. Jenereta likigoma, koili. Pampu ya maji ikikohoa, koili. Kuna siku Anold kinyozi alimpelekea jenereta ambalo, kama ilivyokuja kujulikana, halikuwa na petroli hata tone. Nalo lilibadilishwa koili kwanza.

Mustafa hakuwa mwizi, hilo lisemwe mapema. Alikuwa anaamini. Na fundi anayeamini ni balaa kuliko fundi mwizi, maana mwizi ukimkazia macho huyumba, lakini Mustafa ukimkazia macho alikukazia na yeye. Ufundi aliupata Mikindani kwa mjomba wake aliyekuwa anatengeneza pikipiki. Mafunzo yalikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye koili, hapo wakagombana, Mustafa akafunga nguo zake akaondoka. Yaliyokuwa yafuate baada ya koili hakuyasikia.

Alichokuwa nacho ni namna. Alivuta kamba ya kuwashia mara moja tu, akainamisha kichwa kama anayesikiliza pumzi za mgonjwa, kisha akamgeukia mwenye mali na kusema kwa sauti ya msibani, "Koili imeondoka." Watu wazima, wenye akili zao, walitikisa vichwa na kumpa pole yeye.

Mwaka huo mikorosho ya Msimbati ilikuwa imetoa maua vizuri, na ubwiriunga ukaingia, ule ugonjwa unaoyapaka maua weupe kama unga wa muhogo mpaka yanakauka. Dawa yake ni salfa, na salfa hupulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni yenye injini ndogo ya petroli. Zawadi Chipande, mjane mwenye shamba upande ule, alikuwa na mashine ya namna hiyo. Ikamzimikia mgongoni katikati ya mikorosho. Akaifunga kwenye bodaboda, akaileta mjini.

"Fundi, haina moto," alimwambia Mustafa. "Nimefungua plagi, nimeisafisha, nimeilaza kwenye chuma nikavuta kamba. Cheche hakuna."

"Ilizimika ghafla au ilikufa polepole?"

"Ghafla."

"Koili."

"Na ingekufa polepole?"

"Koili vilevile, ila yenye subira."

Akafungua, akabadilisha, akavuta. Mashine ikanguruma. Mustafa akajifuta mikono taratibu, akitazama juu ya vichwa vya watu kama mtu aliyezoea kushukuriwa. Zawadi akarudi nayo Msimbati, akaivaa, akapulizia mikorosho miwili. Ikazima. Akairudisha.

"Koili za siku hizi," alisema Mustafa, "zinatoka kiwandani zikiwa zinaumwa tayari." Akaweka nyingine. Ikanguruma tena pale kibandani, ikazima tena kule shambani. Safari iliyofuata Zawadi alifika mikono mitupu, na bodaboda ikimsubiri nyuma yake.

"Mashine yako iko wapi, dada?"

"Iko kwangu. Leo mashine haiji kwako, wewe unakwenda kwa mashine. Panda."

Mustafa akatazama huku na huku. Majirani wa kibanda walikuwa wameshaanza kucheka. Akapanda.

Shambani walikuta watu wamekusanyika, maana majirani kadhaa walikuwa wanaingoja mashine hiyo waiazime, na maua yao yalikuwa yanazidi kuwa meupe. Kassimu, shemeji yake Zawadi, alikuwa amesimama karibu na gunia la salfa lililofunguliwa mdomo. Mustafa alipoona hadhira, uchovu wa njia ukamtoka. Akaikalisha mashine chini, akachomoa kofia ya plagi, akaishika kwa vidole huku amegusa chuma ndani yake, na mkono wa pili akauegemeza kwenye injini.

"Mtu mwenye shaka na koili," alitangaza, "hamalizi shaka kwa mdomo. Shemeji, vuta kamba."

Kassimu akavuta. Mustafa hakutikisika.

"Mmeona? Ingekuwa hai ingenitupa. Hii ni maiti. Na maiti haitengenezwi, inazikwa." Mzee mmoja akaitikia, "Kweli." Mustafa akaona hapo bado, wale wa nyuma hawajafaidi. Akaiinua mashine na kuigeuza ili wote waione maiti yenyewe, na katika kuigeuza, kifungo cha mkono wa shati lake kikanasa kwenye waya mwembamba mweusi uliopita kando ya fremu. Waya ukachomoka. Hakuuona. Akaiweka chini, akashika kofia kama mwanzo.

"Vuta tena, shemeji. Vuta kwa nguvu zako zote, wasije wakasema tumeionea."

Kassimu alikuwa mpasua mawe. Akavuta kwa nguvu zake zote.

Mustafa alitoa sauti ambayo haikuwa Kiswahili wala Kimakonde. Akaruka kinyumenyume, akakalia gunia la salfa, gunia likapasuka, na vumbi lilipotulia alikuwa njano kuanzia unyweleni hadi kwenye kandambili, kama mwali aliyesingwa kwa ajili ya harusi.

"Fundi," Kassimu akamuuliza kwa upole, "mbona maiti inapiga?"

"Ndiyo roho inatoka hiyo," alisema Mustafa.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Zawadi hakucheka, ile salfa iliyomwagika ilikuwa yake. Alikuwa ameinama kwenye mashine, ameushika ule waya unaoning'inia.

"Huu unakwenda wapi?"

"Kwenye swichi ya kuzimia."

"Na swichi inazimaje?"

"Inaugusisha waya huo na chuma cha injini. Moto wote unapotelea kwenye chuma, plagi haipati kitu." Alijibu vizuri kabisa, bila kusita. Kisha akalisikia jibu lake mwenyewe.

Zawadi akaugeuza waya. Mahali ulipopita kwenye fremu, ngozi yake ilikuwa imesuguliwa ikaisha, shaba inang'aa. Kila alipoivaa mashine, fremu ilibana na shaba ikagusa chuma ikanasa hapo, kwa hiyo mashine ikawa inazimwa na mgongo wa mwenyewe. Kila Mustafa alipobadilisha koili kibandani aliusogeza waya bila kujua, ndiyo maana ilikuwa inawaka. Koili zote zilikuwa nzima, hata ile ya kwanza.

Zawadi akaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akaurudisha mahali pake, akaupitisha mbali na fremu. Mashine ikawaka, akaivaa, akaingia mikoroshoni bila kumuaga mtu. Mustafa alirudi mjini kwenye bodaboda, na dereva alimsihi asimwegemee.

Ungedhani hapo kibanda kingefungwa. Wapi! Msimbati habari ilisimuliwa kwamba yuko fundi Ufukoni aliyepigwa na moto wa mashine akasimama, na huyo lazima anazijua. Wateja wakaongezeka. Naye Mustafa koili akaziacha kabisa, hataki hata kuzisikia. Sasa kila ugonjwa ni waya wa kuzimia, na dawa yake ni kuukata na kuutupa.

Mashine zinawaka, kwa kweli. Tatizo ni kuzizima. Anold umeme ukirudi huliziba jenereta lake pumzi kwa taulo bichi, huku mteja ameachwa nusu kichwa. Magreth anayeuza juisi huchomoa kofia ya plagi kwa mwiko, amefumba macho, anamtaja Yesu. Juzi alishindwa kuvumilia, akaenda kibandani kulalamika.

Mustafa alimsikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa.

"Mama," akasema, "ulikuja hapa unalia haiwaki. Imewaka. Leo unalia haizimi. Ninyi wateja mnataka nini hasa?"