Vigingi vya Bonifasi kwenye Bustani ya Boma

Shemeji yangu Bonifasi, mume wa mdogo wangu Severina, alikuwa mrefu hata kunguru waliopita walimwamkia shikamoo. Enzi za Mwingereza alitunza bustani ya boma la Newala, lile lenye kuta nene kama ubishi wa babu yenu.

Mke wa Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, tulimwita Mama Cecil. Alifukua mbele ya boma mawe ya bustani ya zamani ya Wajerumani. Akaapa kuirudisha: vijia vya umbo la nyota, kandokando mawaridi.

"Mgeni mkubwa wa Lindi atakuja mvua zikiisha," alimwambia Bonifasi. "Asipoikuta bustani, utarudi kwenu Lupaso."

Na Lupaso walikuwa wamemuaga kwa ngoma! Angerudi na uso gani?

Akanyoosha kamba, akachomeka vigingi kufuata mistari. Miti iliyokuwa karibu na mkono ni mashina ya muhogo, akakata hayo hayo. Akapanda mawaridi, kisha akawa anatuvizia njiani wanawake tukipandisha maji kutoka bondeni.

"Mama Theodora," akaniambia, "nigawie kata moja."

"Ya nini, shemeji?"

"Ya waridi."

"Linaliwa?"

"Haliliwi. Linanukia."

"Basi lijinukie! Mgongo wangu huu haukupanda mteremko kwa ajili ya harufu."

Mawaridi yakafa, mchwa wakayafanyia matanga. Ndipo mvua ikashuka, mvua ya kuwafanya vyura waombe mwavuli. Ilipokatika, vigingi vyote vilikuwa vimechipua na kujaa majani. Nyota nzima ya mihogo!

Bonifasi akashika jembe aing'oe. Severina akamzuia: "Ukiing'oa, mgeni utamwonyesha mchanga?"

Akatuita tuchume kisamvu, naye Bonifasi akavuta kamba: juu ya hapa chumeni, chini ya hapa msiguse. Tulipoondoka na vikapu vyetu, majani yalikuwa sawa kama ukuta uliopigwa lipu.

Mgeni akaizunguka nyota, akapendezwa. "Mama, huu uzio ni wa mmea gani?"

Mama Cecil aliijua mihogo vizuri. Mpishi wake alimlisha kisamvu kila Jumamosi. Akamtazama Bonifasi, aliyesimama wima kama mlingoti wa bendera.

"Ni mmea wa Newala," akasema. "Hautaki maji. Bonifasi ndiye aliyeuchagua."

Bonifasi akabaki na kazi yake, nasi tukawa mkasi wa serikali: kila mchuzi ulipohitajika, bustani ilipunguzwa.