Mawinda Kwenye Kamba ya Atieno

Chwaaa. Hiyo ndiyo sauti ambayo Mwinga hakutaka kuisikia tena: leso kuukuu ikichanwa kwa mkono, kutoka pindo hadi pindo. Miaka miwili iliyopita mamake, Jumwa, alikaa barazani kwao Bongwe akachana leso zake moja baada ya nyingine, akapata mawinda, yaani nepi za kitambaa, ya kumtosha mtoto ambaye Mwinga alikuwa akimtarajia. Mtoto alizaliwa alfajiri, na adhuhuri haikumkuta.

Mawinda yalirudi nyumbani yamekunjwa vilevile. Jumwa aliona nguo ya mtoto haifai kukaa bila mtoto, akayapeleka kwa jirani yao, Bi Shutu, ambaye mkaza mwanawe alijifungua juma lilelile. Ilikuwa hisani, wala hakuna aliyemlaumu. Lakini kwa miezi mitano aliyokaa hapo kwa mamake Mwinga alikuwa akifungua dirisha asubuhi anaona mawinda ya mwanawe yakipepea uani kwa watu.

Sasa alikuwa na mimba nyingine, ya miezi minane. Mumewe, Kibwana, alikuwa kazini Mombasa, naye Mwinga alikuwa amekuja kujifungulia kwa mamake. Alimwambia Jumwa jambo moja tu: safari hii kisichanwe kitu mpaka mtoto alie. Muuguzi wa kliniki alimkumbusha kila mara afunge mkoba mapema, nguo za mtoto ziwemo. Mwinga aliitikia, na akirudi nyumbani mkoba aliuacha mtupu nyuma ya mlango.

Jumwa ni mfuaji. Huu ni mwaka wa kumi na tisa anafua mashuka katika hoteli moja ya Diani, na vidole vyake huijua nguo kabla ya macho. Atakuambia leso mpya haifai kwa winda: ina wanga, maji huteleza juu yake. Inayofaa ni ile iliyovaliwa ikafuliwa, ikavaliwa ikafuliwa, hata ukiiinua juani unaona kivuli cha mkono wako. Na haikatwi kwa mkasi, maana mkasi hupotea njia. Huanzishwa kwa meno, kisha huvutwa, na uzi wenyewe ndio unaoongoza. Leso moja, mawinda sita.

Hakuweza kukaa hivi hivi akingoja mtoto alie ndipo atafute cha kumfunika. Akaanza kubeba leso zake kazini, moja moja, ndani ya kikapu. Saa ya mapumziko, mashine kubwa zikinguruma, alizichana pale ambapo hata yeye mwenyewe hakuisikia ile chwaaa. Wenzake walimtania kwamba hoteli imefilisika, sasa Mama Mwinga analeta vitambaa vya kwake. Jioni alipitia chumba cha mpangaji wao, Atieno, mhudumu wa mkahawa aliyetoka Siaya, akamwomba amwekee. Sababu hakumweleza. Jambo lenyewe lilikuwa la msiba, halizungumzwi ovyo. Wala hakumweleza lile ambalo kila mtu pande zile analijua: vipande vya leso vikianikwa mstari mmoja, majirani wanajua kumezaliwa.

Jumamosi Atieno hakuwa na zamu. Aliona zile nguo zimelala ndani ya begi muda mrefu, zimeanza kunuka uvundo. Akazifua zote kwa sabuni ya kipande, akazianika kwenye kamba inayotazama njia ya kisimani.

Wa kwanza kupita alikuwa Bi Shutu. Hakuuliza mtu. Alirudi kwake, akachukua pilipili manga ya uji wa mzazi, akaja kubisha hodi. Mwinga alifungua mlango mwenyewe, tumbo likitangulia.

“Shikamoo, Bi Shutu.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukupa...” Bi Shutu akalitazama lile tumbo. “Kumbe bado unalo. Basi aliyezaa ni nani, Atieno? Mbona yeye tumbo hatukuliona?”

Mwinga alifuata kidole cha mama yule hadi kwenye kamba.

Jumwa aliporudi kutoka kazini alimkuta mwanawe amesimama chini ya mawinda, ameshika moja kwa ncha. Atieno alikuwa kando na beseni lake, hajui aliweke wapi, na Bi Shutu bado amesimama mlangoni.

“Pole, dada,” Atieno alikuwa akisema. “Mama aliniambia nimwekee tu. Nikaona jua ni kali, itaua viini.”

Mwinga alimgeukia mamake.

“Na safari hii utampa nani?”

Miaka miwili yote Jumwa hakuwahi kufikiri dirisha la chumba cha mwanawe linatazama wapi. Sasa alitazama, akauona ua wa Bi Shutu. Alimwomba radhi palepale, mbele ya watu, si kwa mawinda haya bali kwa yale ya kwanza. Bi Shutu, aliyekuwa wa mwisho kuelewa, aliiacha pilipili manga barazani akaondoka bila kuaga.

Nguo zilipokauka, Jumwa aliwasha pasi ya makaa. Winda hupigwa pasi pande zote mbili, mtoto asije akatoka vipele. Atieno alikaa karibu akipepea makaa kama mtu aliyeadhibiwa. Mwinga alikaa mwisho wa jamvi, mgongo ukutani. Alitazama fungu likikua. Baadaye sana alinyoosha mkono, akachukua moja, akalipitisha shavuni, akalikunja pembe tatu. Kisha jingine. La tatu aliliweka kando.

“Hili lina mshono,” alisema. “Litamkwaruza.”

Jumwa alilisikia neno hilo, akaendelea kupiga pasi taratibu kana kwamba hakusikia, asije akalitisha. Mwinga aliinuka kwa kujikokota, akauleta mkoba kutoka nyuma ya mlango, akaanza kuyapanga ndani, mapindo upande mmoja. Mkoba ulipofika nusu aliacha mikono yake humo.

“Mama, kwani wewe huogopi?”

Jumwa aliiweka pasi juu ya kigae.

“Naogopa, mwanangu,” alisema, kwa sauti ambayo hata Atieno, aliyekuwa hatua mbili tu, hakuisikia. “Ila akija, nataka akute alikuwa akingojwa.”