Mnyama wa Agosti

Akelo, mama yake Okwach, aliuza dagaa soko la Mabatini, Mwanza, mpaka magoti yakamgomea, na hakuna mwanamke aliyenunua kwake hata kopo moja bila kusimuliwa Serengeti. Wewe unapepeta dagaa, yeye anakuletea tembo. Twiga wake alikuwa mrefu kuliko nguzo ya umeme. Simba wake alipiga mwayo ukaona mpaka koromeo. Kiboko wake alifumbua jicho moja, la pili akaliacha limelala. Watu walisahau hata kudai nyongeza.

Alisema alikwenda mwaka themanini na saba, wakati mume wake Otuoma anaendesha greda la kutengeneza barabara za ndani ya hifadhi. Siku tatu nzima. Alilala kwenye hema, akawasikia fisi wanavyocheka.

Hakulala kwenye hema. Hajawahi kuvuka geti.

Usimwone mwongo wa kuzaliwa. Ilikuwa hivi. Otuoma alikaa porini miezi saba, kisha akatuma maneno kwa utingo wa lori: mwambie mke wangu aje Ijumaa, ashukie geti la Ndabaka, nitamfuata na gari la kazini nimwonyeshe wanyama. Akelo aliwaambia majirani wote. Nani asingesema? Akamwacha Okwach kwa dada yake, akakaanga kuku mzima, akavaa kitenge kipya ambacho kilikuwa bado kinanuka duka, akapanda basi la Musoma. Saa nne asubuhi alikuwa ameshaketi getini, kikapu magotini.

Ijumaa ikapita. Mama mmoja muuza uji akamlaza jikoni kwake. Jumamosi ikapita. Kila gari lililotoka ndani Akelo alisimama, akanyoosha kitenge, akaketi tena. Jumapili kuku alikuwa hafai, akampa mbwa. Jioni ile akatoka jamaa mmoja wa kwenye greda. Akamtazama Akelo, kisha akatazama chini.

"Shemeji," akasema, "Otuoma walimhamishia upande wa Mugumu. Na huko ana mtu. Wanatarajia mtoto."

Akelo akamshukuru. Akamwuliza basi la kurudi Mwanza linapita saa ngapi.

Alipofika nyumbani Butimba, majirani walikuwa wamejaa uani. "Haya, tuambie! Umeona nini?" Angeweza kusema. Mdomo ulifunguka useme, na kilichotoka ni neno moja: "Tembo." Wakapiga vigelegele. Akaendelea.

Wanyama aliwatoa ukutani. Otuoma alikuwa amenunua kalenda, kila mwezi na mnyama wake. Januari tembo, Februari twiga, Machi simba anapiga mwayo. Agosti haikuwemo. Otuoma aliichana siku anayoondoka, mwezi wa kwanza, akafungia wembe na sabuni yake. "Agosti bado mbali," alisema. Agosti ilipofika ndiyo ile ya getini. Kwa hiyo wanyama wa Akelo walikuwa kumi na mmoja, na kwa miaka thelathini na minane hawakuongezeka wala hawakupungua.

Otuoma hakurudi. Alifia huko huko, na habari zilimfikia Akelo matanga yameshakwisha. Okwach alikua, akasoma, akaenda kufanya kazi Mbeya, akaoa Mbeya. Hupiga simu Jumapili. Dakika mbili, tatu, mtandao ukiwa mzuri. Nyumba ya Butimba ina vyumba viwili, na kimoja Akelo hakifungui tena, kwa nini afagie vumbi ambalo hakuna anayelikanyaga.

Sasa mwaka huu, mwezi wa tano, kwaya ya akina mama ikapata wazo. Wamezaliwa karibu na Serengeti, watazeeka karibu na Serengeti, Wazungu wanapanda ndege kuja kuiona, na wao hawajaiona. Wakakutana nyumbani kwa Suzana baada ya ibada kupanga safari. Suzana ndiye mwenyekiti wa kwaya, mama wa Kisesa, mnene, kicheko chake unakisikia kabla hujafika kona.

"Gari tunalo, dereva tunaye," akasema Suzana. "Modesta katutafutia." Modesta alikuwa mdogo kuliko wote, anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja mjini na anawafahamu wapeleka wageni. "Bado kiongozi wa msafara."

"Tupige kura ya nini?" akadakia Selina, mwimbaji wa sauti ya kwanza. "Si yupo mama Okwach, mwenyeji wa kule!"

Wakapiga makofi. Pale Akelo angeweza kukataa, na mlango ulikuwa karibu. Akakaza khanga kiunoni.

"Mkinisikiliza mtarudi wazima," akasema.

Akapanga safari kama jemadari. Kuondoka saa kumi na moja alfajiri, atakayechelewa aachwe. Nguo nyekundu marufuku. "Na wewe Selina, yale marashi yako uyaache nyumbani. Simba atadhani ni pilau inapita."

"Jamani, na mimi nisinukie!"

"Nukia kanisani. Halafu tubebe kuni mafungu mawili na sufuria. Mchana tunashuka chini ya mti, tunapika."

Modesta akainua mkono kama mtoto wa shule. "Samahani, bibi. Siku hizi hairuhusiwi kushuka popote. Kuna sehemu zao za kulia chakula. Na moto hakuna kuwasha."

"Zamani tuliwasha."

"Na simba je?" akauliza Selina.

"Simba wa zamani walikuwa na adabu."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Modesta naye alicheka, ila kicheko chake kilichelewa kidogo, na macho yalibaki kwa Akelo.

"Bibi, mliingilia geti gani?"

"Ndabaka." Na hapo Akelo akafunguka. Akaeleza kibanda cha mlinzi, ngazi iliyopasuka upande wa kushoto, mti wenye viota vya ndege kama vikapu, kamba waliyofunga barabarani siku chuma cha geti kilipovunjika, rangi ya kikombe cha muuza uji. Ungemsikia ungeiona ile ngazi.

"Na baada ya geti?" akauliza Modesta.

"Baada ya geti ni tembo," akasema Akelo.

Alhamisi mchana Modesta akaja nyumbani kwake kuchukua namba za kitambulisho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ingia, usisimame mlangoni kama askari."

Akelo akainamia sanduku kutafuta kitambulisho. Alipoinuka, Modesta alikuwa amesimama mbele ya kalenda. Karatasi zilishakuwa rangi ya chai. Alikuwa anazifunua moja moja, kwa ncha ya kidole, taratibu. Tembo. Twiga. Simba na mwayo wake. Kiboko na jicho lake moja. Akafika Julai, akafunua, ikawa Septemba.

"Agosti iko wapi, bibi?"

"Ilichanwa."

Modesta akaziachia karatasi zikarudi. Akaketi kwenye kigoda, akatazama mikono yake. "Bibi, barabara za kule zina matuta. Si nzuri kwa mtu wa magoti. Jumamosi ukisema mguu umevimba, hakuna atakayekuuliza. Nitawaambia mimi mwenyewe."

Akelo alielewa. Masikio yakamchoma. Binti huyu, angeweza kuwa mjukuu wake, alikuwa anamfungulia mlango wa uani apite bila kuonekana. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa anafanya kwa upole.

"Nani kakwambia mguu umevimba?"

"Hakuna, bibi."

"Basi chukua namba ulizozifuata."

Modesta alipoondoka, Akelo aliketi kitandani akiitazama kalenda. Akibaki, jina lake litabaki. Watarudi Jumamosi jioni, watamwambia ni kama ulivyosema, na yeye atakuwa ameketi hapa hapa amenyoosha kitenge, anangoja gari litoke ndani. Akienda, patakuwa na swali moja tu, hata la kijinga, njia inakata wapi, choo kiko wapi, na miaka thelathini na minane itamwangukia mbele ya watu anaoimba nao.

Akachukua simu, akampigia Okwach. Haikuwa Jumapili.

"Mama? Kuna nini?"

"Hakuna. Jumamosi tunakwenda Serengeti na kwaya."

"Aa, vizuri! Utaona tena alipofanyia kazi baba." Nyuma yake watu walikuwa wanaongea, mashine inaunguruma. "Mama, niko kazini, nikupigie Jumapili?"

"Sawa, baba. Fanya kazi."

Huyo ndiye hakuweza kumwambia. Majirani aliwapa tembo tu. Okwach wakati ule alikuwa na miaka sita, alimshika sketi akauliza, baba kasemaje? Na Akelo akamtungia. Kasema usome. Kasema umekua. Kasema atakuletea pembe ya swala. Mtoto alilelewa na salamu ambazo hazikutumwa na mtu.

Akakaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima. Kisha akatoka uani kufua kitenge.

Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika. Landkruza ilikuwa na paa la kufunguka, na dereva, Mashimba, alikuwa mtu wa maneno machache. Kisesa waliipita maduka hayajafunguliwa. Magu wakaanza kuimba. Ziwa likawa linaonekana na kupotea upande wa kushoto, na Akelo, aliyewekwa kiti cha mbele kwa heshima yake, hakuimba. Walipopita Lamadi mikono yake ilikuwa imeshika kikapu kama kitaruka.

Geti lilikuwa jingine. Jengo zuri, madirisha ya vioo, vijana wenye sare. Akelo akaitafuta ngazi iliyopasuka. Haikuwepo. Mti wa viota haukuwepo. Hata mahali alipotandika khanga yake pasingekubali kumtolea ushahidi.

Mashimba akarudi na karatasi, akawasha gari. Suzana akampiga Akelo begani.

"Haya kiongozi! Tuelekeze sasa, tembo wako wako wapi?"

"Mimi mwisho wangu ni hapa," akasema Akelo.

"Nini?"

"Mwisho wangu ni hapa. Nilikaa siku tatu nje ya geti hili. Sikuingia. Otuoma hakuja kunichukua."

Kisha Suzana akapasuka, kile kicheko chake cha kona mbili. "Jamani, mama Okwach! Anataka tumbembeleze!"

"Nawaambia kweli."

"Na yule tembo? Alikufuata hapa getini kukusalimia?"

"Na simba mwenye adabu!" akaongeza Selina, anafuta machozi.

Wakacheka wote. Modesta hakucheka, lakini hakusaidia pia, na Akelo hakumgeukia. Amedanganya miaka yote hiyo hakuna aliyemtaka shahidi. Amesema kweli mara moja, wanamdai tembo. Mashimba akamtupia jicho, akatia gia, na gari likavuka.

Nyasi zilikuwa nyingi kuliko maji ya ziwa. Hilo kalenda haikulisema. Pundamilia wakaja, nyumbu wakaja kama mchanga, wanawake wakasimama wote vichwa nje ya paa, wanapiga kelele, wanaitana majina. "Mama Okwach, kama ulivyosema! Kama ulivyosema!" Na yeye aliketi mbele akiitikia kwa kichwa taratibu kama mwenyeji. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Anaona kwa mara ya kwanza, na uso wake unalazimika kuwa wa mtu aliyekwisha kuona. Twiga akapita. Hakuifikia nguzo ya umeme hata nusu, na hakuna aliyemsuta.

Halafu pembeni, upande wa dirisha lake, juu ya kichuguu, alisimama mmoja peke yake. Rangi ya udongo uliochomwa. Mapaja kama yamepakwa wino, miguu chini ya njano kama amevaa soksi za shule. Uso mrefu, uso wa mtu aliyeambiwa subiri hapa. Hakula, hakutembea. Alikuwa anatazama barabara. Wengine wote walikuwa wanatazama nyumbu upande wa pili.

"Simamisha," akasema Akelo.

Mashimba akasimamisha.

"Yule ni nani?"

"Nyamera, mama, jamii ya swala. Dume. Anaweza kusimama hivyo kutwa."

"Anangoja nini?"

"Analinda eneo lake tu, mama. Anaangalia."

Suzana akainama kutoka juu. "He! Mama Okwach, hata huyu humjui? Wako kila mahali!"

"Simjui," akasema Akelo. "Ndiyo kwanza namwona." Akasogelea kioo. "Huyu atakuwa ndiye wa Agosti."

Modesta aligeuza uso dirishani. Suzana hakuelewa Agosti ni nini. Alianza kucheka, lakini kicheko hakikufika mwisho, kwa sababu alikuwa ameshauona uso wa Akelo, na ule haukuwa uso wa mtu anayetania. Wengine wakaketi mmoja mmoja. Nje upepo ulikuwa unalaza nyasi na kuziinua.

"Siku tatu?" akauliza Suzana, polepole.

"Siku tatu."

"Ulikula nini?"

"Uji. Kuku niliyemkaangia aliharibika."

Mashimba akashika ufunguo.

"Tuendelee, mama? Mbele kuna tembo."

"Ngoja," akasema Akelo, hakuondoa macho dirishani. "Huyu bado sijammaliza."