Fyuzi ya Njano, Kutoka Mbagala Hadi Mikocheni

Sababu ya safari ile ilikuwa mama mdogo. Bi Zuhura, mdogo wake mama yangu, alikuwa anaondoka siku hiyo kwenda Hija. Mama hakuwa amezungumza naye tangu babu alipozikwa, miaka mingi iliyopita. Kwa desturi, mwenye safari ya Hija ndiye anayezunguka kwa ndugu na majirani kuomba radhi, na Bi Zuhura alishakuja kwetu Mbagala mara mbili. Mara zote mama alijifungia chumbani akasema anaumwa. Asubuhi ile, bila kuulizwa na mtu, akavaa baibui lake jipya, akaketi kwenye kiti cha mlangoni na kusema, "Nipeleke Mikocheni kabla hajatoka."

"Uwanja wa ndege uko karibu zaidi na hapa, mama. Si tumsubiri huko?"

"Nikazungumze na mdogo wangu kwenye foleni ya mizigo? Nipeleke nyumbani kwake."

Gari lilikuwa la mdogo wangu Rashidi. Mie niliondoka Dar enzi za kupanga foleni kwa kilo ya sukari, nikatangatanga Tabora, Kigoma na Songea kwa kazi za hapa na pale, na niliporudi nikakuta magari ya mitumba kutoka Japani yamejaa hadi kwenye vichochoro vyetu. La Rashidi lilifika wakati wa kiangazi. Sasa masika yalikuwa yameanza. Akanipa ufunguo na kuniambia, "Kaka, waipa zilikuwa zinasumbua, nimeshazitengeneza. Wewe usiguse kitu."

Maneno yale ndiyo yaliyonitia wasiwasi. Kitu kilichopona hakihitaji onyo.

Tulipotoka Mbagala mawingu yalikuwa mazito upande wa bahari. Niliendesha huku nikiliangalia anga kuliko barabara. Mama alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama abiria anayeogopa wezi.

Tulipofika Mtoni ndipo mvua ilipotukuta. Haikuanza kwa matone, ilimwagika tu. Nikawasha waipa. Zikapanda nusu ya kioo, zikatetemeka, zikashuka kwa shida, kisha nikasikia harufu ya plastiki inayoungua.

"Kuna mtu anachoma takataka," mama akasema.

"Ni sisi, mama."

Nikaegesha kando ya barabara mbele ya duka la vipuri. Nilizima gari kabisa, nikainama chini ya usukani na kufungua kiboksi cha fyuzi. Mfuniko ulikuwa umeandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Sikuelewa hata herufi moja, isipokuwa namba. Fyuzi zenyewe zilikuwa vile vidude vya plastiki vya rangi rangi, vyenye miguu miwili bapa. Moja ya njano ilikuwa imelainika kwa moto, na miguuni imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hayo ndiyo matengenezo ya Rashidi.

Vijana wawili waliojikinga mvua kwenye baraza la duka wakanisogelea.

"Braza, sigara imekwisha nguvu hiyo. Weka mpya," mmoja akasema, na kweli akatoa pakiti yake. "Funga mara mbili, utafika hadi Bagamoyo."

Nakiri nilinyoosha mkono. Saa zilikuwa zinakwenda, na mama alikuwa ananitazama kupitia kioo kilichojaa ukungu. Lakini mwenye duka akapiga kelele kutoka ndani. Alikuwa mama mnene wa makamo, kanga kaifunga kifuani juu ya gauni, jina lake Bi Tatu.

"Weye! Unataka kumchoma mama wa watu? Njoo hapa."

Nikaenda. Nikamsalimu. Akaichukua ile fyuzi iliyoungua, akaichana karatasi ya sigara kwa kucha na kuinua fyuzi kwenye mwanga wa mlango.

"Unaona katikati? Palikuwa na kijiwaya hapa. Kimekatika zamani. Kazi yake ndiyo hiyo, kukatika. Umeme ukizidi, kinakufa chenyewe, waya wa gari unabaki salama. Nyie mnakifufua kwa sigara, basi umeme unapita tu, na kitakachoungua sasa ni gari."

Nilikumbuka somo la fizikia la kidato cha tatu, mwalimu akichora betri ubaoni. Nilijibu mtihani ule vizuri sana. Sikuwahi kufikiri kwamba ningekuja kuihitaji ile betri ya chaki nikiwa na mama garini.

"Niuzie ya ampea thelathini," nilisema, "iwe na nguvu zaidi."

Wale vijana wakacheka. Bi Tatu hakucheka. "Hii ilikuwa ishirini, ya njano. Nitakupa ya njano. Ukitaka ya kijani, hiyo thelathini yako, nenda duka jingine, na upitie kununua na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto."

Nikaichomeka ile mpya, nikawasha gari, nikawasha waipa. Zikapanda, zikanguruma, zikasimama katikati ya kioo. Kimya. Nilipoitoa fyuzi, kile kijiwaya kilikuwa kimekatika, cheusi pande zote mbili.

Hapo hofu ilinishika sawasawa. Mvua haikuwa na dalili ya kupungua, na Mikocheni ilikuwa bado mbali, ng'ambo yote ya mji. Nilimfikiria Bi Zuhura anafunga masanduku yake, anatazama mlango.

Bi Tatu akatoka na mwavuli. "Fyuzi haina kosa. Kuna kitu kinazizuia hizo waipa, mota inavuta, inavuta, mpaka basi. Ukinunua nyingine kabla ya kukitafuta, utakuwa unanitajirisha tu."

Nikafungua boneti. Chini ya kioo, pale vyuma vya waipa vinapopita, kulikuwa na mfuniko mweusi wa plastiki. Niliubandua kwa bisibisi ya kuazima, huku maji yakinimwagikia shingoni. Vyuma vile vilikuwa vimezongwa na uzi mweusi, umejiviringa na kukaza kama kamba ya kisima, na mwisho wake kulikuwa na kifuko kidogo cha kitambaa kilichoshonwa pande zote.

"Lete kisu," nikamwambia kijana wa sigara.

"Usikate!"

Alikuwa mama. Ameshuka garini, baibui jipya linalowa. "Usikate. Fungua polepole."

Tukamtazama wote.

"Ni mimi niliyeifunga," akasema. "Siku gari lilipoletwa, boneti ilikuwa wazi, Rashidi kaenda kuwaonyesha wenzake. Nikaona kale kachuma kametulia, nikaifunga hirizi hapo. Nilitaka mwanangu asipate ajali."

Kijana wa sigara akageuka kando, mabega yanatikisika kwa kicheko. Bi Tatu akamfunika mama kwa mwavuli. "Bi mkubwa, si kosa. Kiangazi kachuma hako kanatulia kweli."

Mie nilikuwa najua jambo moja ambalo wao hawakulijua. Katika miaka yangu arobaini na ushei, sikuwahi kumsikia mama akisema "ni mimi" juu ya kitu kilichoharibika.

Niliufungua uzi kidogo kidogo, vidole vimekufa ganzi. Nilimpa mama hirizi yake, akaitia mkobani. Nikanunua fyuzi mbili nyingine za njano, nikachomeka moja. Waipa zikapanda, zikashuka, zikapanda.

Tukashika njia ya Chang'ombe hadi Magomeni. Nilikuwa nanusa hewa kila baada ya muda, nikitafuta harufu ile. Mwananyamala tulipita karibu na mtaa tuliopanga nilipokuwa mdogo, ambako Bi Zuhura alikuwa akituletea visheti siku za Idi. Minazi tuliyoifahamu haikuwapo, badala yake kulikuwa na kuta za matofali na vibanda vya kanda za muziki. Nilitaka kumwonyesha mama, nikamwona midomo yake inatembea. Sikujua ni dua au ni maneno anayoyafanyia mazoezi.

Mikocheni tulikuta gari mlangoni, buti wazi, masanduku yanapangwa. Bi Zuhura alikuwa amesimama barazani, mavazi meupe, amezungukwa na wanawe. Mama alishuka kabla sijasimama vizuri.

"Zuhura. Siku ya msiba wa baba, sikukuletea habari kule Tanga ulikokuwa. Watu niliwaambia nimekuletea na hukutaka kuja. Ni mimi."

 Mie pia nilikuwa nalisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza, maana sote tuliamini mama mdogo alikataa kuja kumzika baba yake. Bi Zuhura akashuka ngazi, akamshika dada yake mabega yaliyolowa.

"Dada, mwenye safari mie. Mbona wewe ndiye umenitangulia kuomba?"

Kisha wakakumbatiana, na wanawe wakaanza kumwita kwamba muda umekwisha, na hakuna kati ya dada hao wawili aliyesikia.

Tulirudi Mbagala jioni mvua ikiwa imepungua, mama kasinzia, fyuzi ya akiba mfukoni mwangu. Rashidi alitupokea mlangoni akitazama kioo kisafi. "Kaka, nilikwambia usiguse! Umezifanyaje waipa? Mie nimebadilisha sigara mpaka nimechoka."

Nilikuwa nataka kumweleza yote niliyojifunza: kwamba fyuzi iliyokatika ni habari, na mtu anayeifunga sigara anakataa habari. Lakini mama alikuwa ameshaamka. Alifungua mkoba, akatoa kile kifuko na kumwekea Rashidi mkononi.

"Ni mimi niliyeifunga, baba," akasema, akaingia ndani kubadili nguo.