Goti la Filister na Kisiki cha Muwa

Goti la Filister lilivimba mwaka na nusu kabla mtu hajaliuliza swali la maana. Na huyo si mwanamke wa kudeka. Alikata miwa Awendo miaka ishirini na miwili, na wanaume waliotaka kushindana naye waliachwa nyuma katikati ya mstari.

Zahanati ya kwanza ilisema ni baridi yabisi. Ya pili ikasema TB ya mifupa, akameza dawa miezi mingi, mkojo ukabadilika rangi, goti likabaki lile lile. Ya tatu wakamdunga gotini sindano ya kutuliza uvimbe. Alipata usingizi majuma mawili, kisha maumivu yakarudi na nduguze. Kote aliulizwa kama aliwahi kuumia, na kote akajibu hapana. Hakuwa akidanganya. Kwa wakata miwa, kuumia ni kupitiwa na panga.

Alifika hospitali ya Homa Bay amechoka hata kueleza. Alitaka kujua jambo moja tu, kama mguu utakatwa, maana alikwisha kutishwa hivyo. Daktari, binti wa kutoka Rangwe aitwaye Caren, alipapasa goti polepole mpaka kidole kikasimama kwenye kovu dogo kama punje ya mtama.

"Na hii, mama?"

"Hiyo ni kisiki cha muwa tu."

"Kiliingia ndani?"

"Kiliingia, nikakitoa, nikamaliza mstari wangu. Nyathina, mwanangu, tukianza kuhesabu visiki, nani atakata miwa?"

Caren hakucheka. Alimweleza kwamba kuna ukungu unaokaa kwenye udongo na mabua, kwamba kisiki huupeleka ndani, nao hukua taratibu bila haraka ya mtu. Akavuta maji ya goti kwa sindano, na maabara wakayaotesha. Majuma matatu Filister alingoja. Ukungu ukaota.

Goti likafunguliwa, likaoshwa. Akaandikiwa vidonge vya kuua ukungu, vya mwaka mzima, na damu ya kupimwa kila mwezi, kwani dawa hizo husumbua ini. Ndipo akauliza lile lake.

"Mguu utabaki nao," Caren akamwambia. "Kukunja, sitakudanganya, mama, sikuahidi."

Sasa ni mwezi wa saba wa vidonge. Uvimbe umeshuka, goti linakunjika nusu. Kanisani wenzake wakipiga magoti, yeye hukaa, mguu ameunyoosha njiani, na anayetaka kupita huuzunguka.