Sahani Iliyorudi Tupu

Nilifungua mlango nishushe takataka, nikaikuta sahani yangu juu ya zulia la kupangusia miguu. Imeoshwa, imekaushwa, inang'aa kuliko nilivyoipeleka. Tupu kabisa. Ndani yake karatasi iliyokunjwa: "Asante, madame, lakini sisi hatuhitaji msaada."

Sombe, majani ya muhogo niliyoyatwanga mwenyewe, nikayatia mawese na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kitu ambacho kwetu Bukavu mtu anakificha akisikia wageni mlangoni, eti msaada. Nilisimama pale na mfuko wa takataka mkononi, mtoto mgongoni, masikio yanawaka.

Hiyo ilikuwa karatasi ya sita. Hapa Brussels majirani hawagombani, wanaandikiana. Mama wa ghorofa ya chini yangu, mwanamke wa makamo mwenye mbwa mdogo, tukikutana kwenye lifti ananipa bonjour nzuri na kumchekea mtoto. Tukiachana tu, anaenda kuandika. Karatasi ya kwanza ilianza "Jirani mpendwa", na mimi mjinga nikaibandika kwenye friji kwa furaha kabla sijafika mstari wa pili. Mstari wa pili ulihusu kelele za kinu changu. Karatasi ya pili, kinu. Ya tatu, kigari cha mtoto kwenye korido. Ya nne, kinu tena, ingawa nilikuwa nimeshakiwekea blanketi chini. Ya tano, harufu ya samaki.

Donc nilifanya tunavyofanya kwetu: jirani akinuna, unampelekea sahani. Hakuwepo, nikaiacha mlangoni pake imefunikwa vizuri.

Kwetu Kadutu, mtaa wa Bukavu nilikokulia, ukuta kati yetu na jirani ulikuwa wa mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimechoka. Mama wa upande wa pili akichoshwa na sisi alipaza sauti palepale: "Ninyi batoto, munatwanga sombe ao munabomoa nyumba?" Mama yangu alimjibu kwa tusi la kirafiki, na jioni sahani ikavuka. Ikirudi ilikuwa na kitu: parachichi mbili, konzi ya maharagwe, siku mbaya chumvi kidogo. Tupu haikurudi hata siku moja. Mimi nimelala mgongoni mwa yule jirani sijui mara ngapi, kwa sababu mama akienda sokoni alinipitisha tu juu ya zile mbao kama furushi, wala hakuuliza kama kuna nafasi.

Hapa Koekelberg, mtaa wetu wa Brussels, kushusha takataka kwa dakika mbili, namfunga mtoto mgongoni. Sina wa kumwachia. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka, kusema kweli. Sikutaka sombe yangu isifiwe. Nilitaka mtu mmoja ndani ya jengo hili anayejua jina la mtoto wangu.

Bon. Nikashuka na sahani yangu. Akafungua mlango kidogo, mnyororo bado umefungwa, mbwa anabweka.

"Madame," nikamwambia, "karatasi sita. Mlango wangu uko ngazi kumi na nane juu ya wako. Kwa nini hugongi?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Sikutaka kukusumbua."

Halafu akaongeza kwa upole kwamba kama nina malalamiko, utaratibu ni kuyapeleka kwa maandishi kwenye ofisi inayosimamia jengo.

Nikampigia mama yangu nimlilie. Akacheka mpaka akakohoa.

"Na weye unapelekea chakula muntu hajui hata jina lako? Alizani unamuona maskini."

Nilikata simu kwa hasira, na hasira ilizidi kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Lakini ofisini nilienda, Jumatatu asubuhi, mtoto mgongoni. Wakanipa fomu yenye visanduku: kelele, harufu, uchafu, mengineyo. Nikatia alama kwenye mengineyo, nikaandika kwa Kifaransa changu cha shule, herufi kubwa, wasije wakasema hawakuweza kusoma:

"Jirani wa chini yangu hajawahi kugonga mlango wangu. Ninaomba aambiwe agonge. Hata kama ni kunigombeza kwa ajili ya kinu. Jumamosi saa tisa mchana tuko nyumbani, mimi na mtoto."