Nilidanganya rafiki yangu ati game imeharibika, akafunga safari kutoka Bungoma kuja kuitengeneza

Niaje wakuu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Leo acha niandike, kwa sababu hii kitu imenikalia kwa roho. Si hekaya ya kutunga. Ukinitambua, tafadhali nyamaza tu.

Nina miaka 37, naishi Tuwan hapa Kitale na nauza mbegu na dawa za mifugo kwa duka la agrovet. Nina mke na mtoto mmoja.

Rafiki yangu tumwite Barasa. Tulijuana college Bungoma tukisomea umeme. Mimi umeme ulinishinda, yeye akawa fundi kamili. Kilichotuunganisha ni game ya mpira. Kulikuwa na kibanda cha game nyuma ya soko, Jumamosi tunaingia asubuhi bila hata chai, tunatoka macho mekundu, bado tunabishana penalti.

Sasa, miaka mitatu iliyopita Barasa alianguka kutoka kwa paa huko Matulo akifunga dish ya TV. Nyonga ikavunjika. Alilala miezi mingi. Siku hizi anatembea na magongo, anatengeneza redio na simu akiwa nyumbani kwa mamake.

Na ni mimi nilimwambia, "Bana, tafuta console tuwe tunacheza online kila Jumapili." Mkumbuke hiyo. Ilikuwa idea yangu.

Mwaka wa kwanza ilikuwa tamu. Jumapili saa nane, baada ya kanisa na lunch, headset kwa masikio, kelele mpaka mke wangu anahamia kwa jirani.

Halafu, wakuu, sijui niseme nini. Hamu iliisha tu.

Hakuna kitu kilitokea. Nilikuwa nashika pad ya kuchezea na nawaza kama mahindi yetu yamepaliliwa vizuri. Nikifungwa bao naangalia saa. Game ikisema inataka update, nafurahi moyoni kama mtoto ameambiwa hakuna shule. Siku moja niliweka pad chini mechi ikiendelea, nikaenda kuosha gumboots. Kurudi, nimefungwa saba, na Barasa anaita kwa headset, "Njoro, uko? Network imekataa?"

Nikasema ndio, network.

Ningemwambia ukweli hiyo siku, mambo yangeisha. Lakini utamwambiaje mtu ambaye wiki yake yote anangojea hiyo saa nane? Nilijiambia namhurumia. Ukweli ni kwamba niliogopa.

So nikamwambia console imeharibika. Ati haiwaki kabisa.

Akauliza, "Taa inaonyesha rangi gani?"

Nikasema hakuna taa. Mtu ni fundi na mimi namdanganya mambo ya umeme!

Mwezi mzima alinitumia maswali. Umejaribu cable nyingine? Umeiweka karibu na maji? Mimi najibu tu "nitaangalia." Jumapili nilikuwa nalala usingizi mzuri sana, wacha niseme ukweli.

Alhamisi moja niko kwa duka, mke wangu anapiga simu. "Rafiki yako Barasa amefika. Mbona hukuniambia tuna mgeni?"

Nilitoka mbio na koti ya kazi.

Nilipata Barasa kwa kiti, magongo yameegemea ukuta, amelowa jasho. Kwa mapaja ana begi ya vyombo vya kazi. Alikuwa amefungua console yake mwenyewe, akatoa power supply, akaifunga na sweta ndio isigongwe njiani. Alikuwa amemwambia mke wangu anataka tujaribu kama shida iko hapo. Kama ni hapo, ati angeniachia hiyo, yeye atatafuta ingine polepole.

Na console yangu ilikuwa hapo mbele yake, chini ya TV. Inawaka.

Mke wangu hakujua chochote. Alikuwa amemwona mgeni amekaa tu, akaona amwashie game asiboeke. Akaniambia na tabasamu, "Nimemwambia hii haijawahi kuharibika. Umeiacha tu, siku hizi hupendi game."

Barasa hakupiga kelele. Afadhali angenitukana.

Alisema, "Njoro, mimi niliumia nyonga. Kichwa changu kiko sawa. Ungesema tu umechoka."

Nikajaribu, "Sikutaka ujisikie vibaya."

"Na sasa?"

Alikunywa chai yote kwa sababu ya heshima ya shemeji yake, akamshukuru, akafunga begi. Nikamwambia abebe console yangu awe na mbili. Akasema, "Sikukuja kuchukua kitu." Nilitaka kumshika mkono kwa ngazi, akakataa. Alishuka pole pole, mimi nikimfuata nyuma na mikono mitupu.

Nilikaa wiki mbili kabla ya kwenda Bungoma. Mamake akanisalimia kwa furaha, "Mulembe, karibu," nikajua hakuwa ameambiwa. Barasa alikuwa nje anachambua maharagwe. Nikakaa, nikasema yote bila kujitetea: nilichoka, niliogopa, nikadanganya. Akasikiza. Akasukuma ungo katikati yetu, tukachambua mpaka maharagwe yakaisha.

Kisha akasema, "Mimi bado napenda game. Sioni haya. Nimepata mwalimu mmoja wa Cheptais, tunacheza naye Jumapili. Ananichapa vibaya."

Wakuu, nilisikia wivu. Mtu mzima. Kitu nilikimbia mwenyewe, nikasikia nimenyang'anywa.

Siku hizi nampigia tu simu. Hatujarudi vile tulikuwa, sitawadanganya. Jumapili iliyopita nilipiga mapema, akasema, "Ngoja kwanza nimalize half." Hakukata. Nikakaa nje kwa step nikisikiliza pad ikilia na yeye akicheka na mtu mwingine, na nikangoja.

Nilichojifunza: kuchoka na game si kosa. Umri unafika, hamu inaenda, hakuna wa kulaumiwa. Lakini yule mlikuwa mnacheza naye anafaa kuambiwa na mdomo wako.

Wenye mlishaachana na pad, mliwaambiaje wenzenu? Na wale mtanitusi pia karibuni, nitasoma zote.